Majina ya kununua: nitajuaje kama yanalipa?

SWALI: Habari dada. Mimi ni wakala wa bima, nauza ya gari na ya maisha, huu mwaka wa pili. Kuna jamaa anatuuzia majina na namba za watu anaosema wanatafuta bima. Nilichukua 50, nusu hawapokei, wengine wananishangaa kabisa, nimeuza bima moja tu ya gari. Yeye anadai tatizo ni mimi sijui kumalizana na mteja, eti nichukue mia nyingine kwa punguzo. Nichukue au niachane naye?

JIBU: Hiyo mia ya punguzo iache kwanza mdogo wangu. Sisemi jamaa ni tapeli, hilo bado hatujui, maana hata majina mazuri ambayo kwa kawaida ananunua mmoja kati ya 25, ukipiga 50 kuna kama nafasi nne kati ya kumi uuze moja tu au usiuze kabisa, kwa hiyo matokeo yako yanaweza kuwa mkosi tu.

Mimi wanaonitia shaka ni hao wanaokushangaa. Asiyepokea labda yuko kazini, ila mtu aliyeulizia bima juzi anakushangaaje? Mara nyingi huyo alijaza fomu ya kushindania simu mpya, chini kabisa kulikuwa na kiboksi cha kukubali kupigiwa na "washirika wetu", akatiki bila kusoma, na leo mshirika ndo wewe. Mwambie jamaa akuonyeshe hiyo fomu kwa macho yako, akupe na tarehe ambayo kila jina lilijazwa, na aseme ameliuza kwa mawakala wangapi. Jina la miezi mitatu iliyopita linauzika, ila kwa bei ya chini sana. Na lile lililouzwa kwa watu watano utalijua tu, "nyie wa bima mmenipigia tangu asubuhi!" Hapo anayewahi ndo anapata, so ukiletewa saa nne ukapiga jioni hilo usimsukumie muuzaji.

Sasa hela. Wengi wanaangalia bei ya jina moja na hapo ndo wanapoliwa. Tuseme majina 200 kwa 2 kila moja, umetoa 400, wamenunua wanne, kila mteja amekugharimu 100. Mwingine anauza kwa 9, ghali eeh? Umechukua 40, umetoa 360, wamenunua sita, mteja ni 60. Kama kamisheni yako ni 90, yale ya bei chee yamekutia hasara, na bado hujahesabu vocha na siku nzima za kupiga simu.

Halafu tenganisha gari na maisha usichanganye daftari. Ya gari kamisheni ndogo, ila akikata tena mwakani hiyo hela hujailipia jina. Ya maisha mwaka wa kwanza ni tamu, lakini mteja akiacha kulipa mapema kampuni nyingi zinakukata kamisheni waliyokupa, kwa hiyo usimhesabu hadi alipe miezi kadhaa mfululizo.

Ukitaka kuendelea naye, chukua kidogo kidogo, na namba isiyopatikana kabisa au jina uliloshauziwa alibadilishe bure. Hayo mkubaliane kabla hujatuma hela, kwa maandishi, hata wasapu inatosha.