Namba haijui cheo cha mtu

Mwanangu mpenzi,

Sote hapa wazima. Umeniuliza kama umwambie profesa wako mbele ya wenzako kwamba mstari wa tatu wa uthibitisho wake hausimami, au unyamaze hadi upate shahada. Ngoja kwanza nikueleze habari ya 4,294,967,297.

Fermat, yule mwanasheria Mfaransa wa Toulouse aliyependa hisabati, aliandika mwaka 1640 kwamba ukichukua 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 au 16, ukaongeza 1, unapata namba tasa: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Akaamini kwamba kipeo kikizidi kuongezwa maradufu hivyo, mambo yataendelea hivyo daima. Inayofuata, yenye kipeo cha 32, ndiyo hiyo niliyokutajia. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Wala huhitaji kujaribu mamia ya namba. Kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Basi unajaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Basi!

Mjomba wako ndiye aliyeninong'oneza hiyo 641 nikiwa kidato cha tatu, siku mwalimu wetu alipotuandikia ubaoni kwamba namba zote za namna hiyo ni tasa. Usiku nikagawa kwa mkono. Mwanzoni nilifika 4,489, nikatoa 4,487, nikabaki na 2, nikavunjika moyo. Nikashusha tarakimu moja moja, sifuri mbili zikapita, na mwisho kabisa ikarudi ileile 4,487: 641 mara 7, bila baki. Jibu 6,700,417. Nilimwamsha bibi yako kumwonyesha!

Asubuhi nikapeleka daftari. Mwalimu hakulifungua. "Kaa chini. Wewe umfundishe Fermat?" Darasa zima likacheka. Mpaka leo nikikumbuka, uso unanichoma. Angegawa tu! Namba haijui cheo cha mtu, nimekwambia tangu unajifunza kuhesabu.

Lakini nawaza pia: Fermat mwenyewe alikiri hana uthibitisho. Aliyegeuza dhana yake kuwa amri ni mwalimu wangu. Labda profesa wako naye anajua pana pengo, hajaulizwa tu. Au labda ningemfuata mwalimu ofisini, peke yetu, angelifungua lile daftari. Hapana, simtetei. Ila mimi nilikuwa na 641 mkononi, kitu ambacho hata mtoto angekihakiki. Wewe una nini? Una mfano unaouvunja ule mstari, au una shaka tu? Hayo ni mambo mawili mbali kabisa, na namba haijui cheo chako wewe pia.

Ulimi unaniwasha nikuambie la kufanya, na baba yako ananikataza. Basi sisemi. Nitumie kurasa zote, siyo picha ya mstari mmoja, nizipitie kwa kalamu mwishoni mwa wiki. Usimwambie mtu hadi nikupigie.

Mama yako