Tundu moja kwenye sakafu: je, ripoti safi inatosha?

SWALI: Nimepanga ofisi kwenye jengo lililowahi kuwa drai klina. Fundi alitoboa sakafu ya zege katikati ya chumba, akavuta hewa iliyoko chini, na ripoti inasema "haikuonekana kemikali". Niache wasiwasi?

JIBU: Bado, ndugu yangu. Kwanza uliza hewa ile ilitoka wapi. Mrija wa kuvutia hewa uliopitishwa kwenye tundu usipozibwa sawasawa, pampu hufuata njia nyepesi: hunyonya hewa ya chumbani kupitia mwanya kati ya mrija na zege, na maabara hukupimia kwa uaminifu kabisa hewa uliyokuwa ukiivuta mwenyewe.

Ndiyo maana tunafunika tundu kwa kitu kama ndoo iliyopinduliwa, tunajaza gesi ya heliamu ndani, kisha tunapima heliamu kwenye hewa inayotoka mrijani. Ikizidi asilimia 5 hadi 10 ya ile iliyo ndani ya ndoo (miongozo hutofautiana kidogo), tunaziba upya. Kuziba kwenyewe tumia bentonaiti (udongo wa mfinyanzi unaovimba) iliyoloweshwa. Silikoni ya mafundi wa madirisha ina mvuke wake, nayo itaingia kwenye majibu yako. Kuvuta nako kuwe polepole, kusizidi mililita 200 kwa dakika. Kama ripoti haina ukurasa wa jaribio la uvujaji, mimi nisingeihesabu.

Kuhusu tundu moja: ni chache mno. Tetrakloroethilini, kiyeyusho kilichotumika sana kwenye drai klina, haitawanyiki sawasawa chini ya jengo, na misingi ya ndani huigawa nafasi hiyo vipandevipande. Tena si kama benzini ya petroli, ambayo vijidudu vya udongoni huila haraka penye oksijeni. Tetrakloroethilini hudumu. Toboa pale mashine ilipokaa, na karibu na mabomba ya maji machafu.

"Haikuonekana" nayo ina kikomo chake: uliza kiwango cha chini ambacho maabara inaweza kukiona. Mwongozo wa mwaka 2015 wa Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani hukadiria kwa tahadhari kwamba sehemu 0.03 (yaani asilimia 3) ya mvuke wa chini ya sakafu inaweza kufika chumbani. Mikrogramu 1,000 kwa mita ya ujazo chini ya zege ni 30 puani mwako.

Usikubali wakupimie hewa ya chumbani peke yake. Suti moja iliyotoka drai klina juzi, ikining'inia nyuma ya mlango, inatosha kuvuruga majibu yote. Na kipimo kirudiwe msimu mwingine wa mwaka.