Bakteria wanaweza, ila si kwa kupuliziwa hewa

Ndugu uliyeuliza kwa nini maji machafu ya kiwanda cha TNT (kilipuzi cha mabomu) yasielekezwe tu kwenye mabwawa ya kawaida ya maji taka yanayopuliziwa hewa: hapo ndipo bakteria wanapokwama. Molekuli ya TNT ni pete ya kaboni yenye vikundi 3 vya nitro (nitrojeni na oksijeni) vinavyovuta elektroni za pete hiyo, hivyo vimeng'enya vinavyotumia oksijeni havipati pa kushika. Huishia kugeuza nitro moja au mbili kuwa amino (nitrojeni na hidrojeni), kisha mabaki yanaungana na kuwa misombo mikaidi zaidi. Ukipima TNT utaambiwa imeisha, kumbe sumu imebadili nguo tu.

Waondolee oksijeni, wape chakula chepesi kama ethanoli, na nitro zote 3 zitageuzwa. Katika kiwanda cha risasi na mabomu cha McAlester, Oklahoma, Marekani, walijaribu hivyo wakiwaotesha bakteria juu ya chembe za kaboni amilifu (mkaa wenye vitundu vingi vya kunasia uchafu): kaboni inanasa TNT, bakteria wanaishughulikia palepale. Kinachobaki ni amino, na bado kinahitaji hatua nyingine. RDX, kilipuzi kingine cha mabomu, ni nafuu kidogo, maana nitro zake zikiguswa pete hupasuka.

Hayo yote ni kwa maji yanayoitwa ya rangi ya waridi, yale ya kuoshea mitambo ya kujaza mabomu (hutoka hayana rangi, yakipigwa jua ndiyo yanageuka). Maji mekundu ya kusafishia TNT kwa salfaiti (chumvi ya salfa) sahau kuyapa bakteria. Yana chumvi nyingi mno. Kwa kawaida hukolezwa na kuchomwa.