Kwa nini Januari hatutumi kama Julai

Assalaam alaykum jamaa zangu wa Wete, Pemba. Maswali yenu mawili nimeyapata. Shangazi anauliza kwa nini fedha za kutuma nyumbani hupungua kuanzia Disemba na hali mshahara ni ule ule. Mtoto wa ami, anayekuja kusoma Uingereza Septemba inshallah, anauliza baridi ya huku inakula kiasi gani. Jibu la yote mawili ni gesi, na nitasema wazi kwa sababu watu wengi huku wanaona haya kulisema.

Huko gesi ni mtungi wa kupikia. Huku inaingia nyumbani kwa bomba la chini ya ardhi, inawasha boila, boila inapasha maji, na maji hayo yanazunguka kwenye redieta, yale mabapa ya chuma ya ukutani yanayopasha kila chumba. Boila hiyo hiyo ndiyo inayotoa maji moto ya kuogea. Umeme wa Tukuza, ile mita ya kulipia kabla huko kwetu Zanzibar, unanunua kwanza, ukiisha unaona giza. Gesi ya huku wengi wetu tunaitumia kwanza, bili inakuja baadaye.

Sasa shangazi, tufanye hesabu ya nyumba ya familia. Mita inapima ujazo wa gesi, lakini bili inatoza kwa uniti, yaani kilowati-saa. Mita moja ya ujazo ni uniti 11 na kidogo. Mwezi wa Januari wenye baridi kali, nyumba inaweza kutumia mita za ujazo 140, ambazo ni uniti 1,560 hivi. Kwa peni 6 kila uniti, hapo ni zaidi ya paundi 93. Ongeza ada ya kila siku, karibu peni 30, ambayo unalipa hata kama hukuwasha kitu. Jumla imevuka paundi 100, na umeme bado. Nyumba hiyo hiyo mwezi wa Julai, ikipika na kuoga tu, huenda isifike paundi 20. Tofauti hiyo ndiyo inayokatwa kwenye fedha zenu.

Kabla ya mwaka 2021 uniti ilikuwa chini ya peni 4. Bei ikaanza kupanda, na Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022 ikapaa kabisa, hadi serikali ikaingilia kati. Imeshuka tangu hapo, lakini haijarudi ilikokuwa.

Wewe kijana, neno la kwanza utakalosikia ni ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, mamlaka ya nishati. Usidhani ni kiwango cha juu cha bili yako. Ukomo uko kwenye bei ya uniti na ada ya siku. Ukitumia sana, unalipa sana. Siku ya kukabidhiwa ufunguo, piga picha ya mita. Kisha ipelekee kampuni ya gesi namba za mita yako kila mwezi, maana bili iliyoandikwa kwamba imekadiriwa ni makisio ya kampuni. Kama nyumba ina mita ya kulipia kabla, tia fedha kidogo hata wakati wa joto. Ada ya siku inaendelea kulimbikizana kimya kimya, na Oktoba ukija kutia paundi 20 utakuta sehemu yake imeshaliwa.

Kupunguza kunawezekana. Kubwa ninaloliamini ni joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Boila nyingi zimewekwa nyuzi 70 au 80. Kwa boila isiyo na tangi la maji moto, shusha mpaka 60 au chini kidogo. Maji yakirudi kwenye boila yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, boila inaunasa mvuke wa moshi wake na kulirudisha joto lililokuwa linatoka nje. Nyumba itachukua muda zaidi kupata joto, lakini italipata. Themostati, kidude cha kupangia joto la nyumba, iache kwenye nyuzi 18 au 19, ila palipo na mtoto mchanga au mzee ongeza, usione uchungu. Funga redieta za vyumba visivyolaliwa, ziba upenyo chini ya mlango, teremsha mapazia jua likizama. Kanga usizianike juu ya redieta: zinazuia joto, na unyevu wake unaota ukungu mweusi ukutani. Hita ndogo ya umeme iogope, uniti ya umeme ni karibu mara nne ya gesi.

Na hili nawaomba mama zetu mnaowafungia vijana udi na ubani kwenye mabegi, muwaambie. Kwetu madirisha yako wazi, chetezo kinafuka na upepo unapita. Nyumba za huku wakati wa baridi zimefungwa kila upande. Makaa yakiwaka ndani yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu hufa usingizini. Wala tanuri la jiko la gesi lisiachwe wazi kupasha chumba. Kijana anunue chetezo cha umeme, na ahakikishe nyumba ina king'ora cha hewa hiyo. Mwenye nyumba anayepangisha analazimika kisheria kukaguliwa vifaa vyake vya gesi kila mwaka na fundi aliyesajiliwa, basi adai cheti akione.

Limebaki la Ramadhani. Miaka hii inaangukia Februari, baridi haijaondoka. Tunaamka kula daku usiku mkubwa na nyumba imeganda, lazima tuwashe. Ndio wakati huo huo simu zinakuja za tende, mchele na nguo za watoto za Idi, na ni haki yenu kuomba. Shangazi, mimi nimepanga hivi: fedha ya futari na Idi nitaitenga kuanzia Juni, nikutumie Oktoba kabla boila haijaanza kufanya kazi, uiweke. Januari na Februari msinitegemee ila kwa maradhi na ada ya skuli.