Madume wote weusi? Kosa si la baba yao

SWALI: Daktari, nina paka dume wa rangi ya chungwa. Nilimpandisha kwa jike mweusi tii, akazaa wanne: majike wawili wenye mabaka meusi na ya chungwa, na madume wawili weusi kama mama yao. Mfugaji mwenzangu anasema damu ya dume wangu ni dhaifu, nimpandishe tena kwa binti zake hao ili rangi ipate nguvu. Je, nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize. Hiyo "damu dhaifu" naisikia karibu kila wiki, na mara nyingi anayeitaja ana dume la mbegu analotaka kukuuzia.

Dume wako hana kasoro. Uzao huo ningeutabiri kabla jike hajashika mimba. Jeni ya rangi ya chungwa imekaa kwenye kromosomu ya X, yaani mojawapo ya nyuzi za urithi zinazoamua jinsia: jike ana X mbili, dume ana X na Y. Baba humpa binti yake X, mwanawe wa kiume humpa Y, na Y haina habari na rangi hiyo. Paka dume huirithi kwa mama peke yake, na mama yao hawa ni mweusi. Ukitaka madume wa chungwa, tafuta jike wa chungwa asiye wa ukoo huo; wanawe wa kiume wote watakuwa wa chungwa, hata baba akiwa mweusi kama makaa.

Wale binti wamepokea X mbili zinazopingana. Wakiwa bado viini tumboni, kila seli ilizima moja, yoyote ile, na ndiyo maana ya mabaka. Mary Lyon alilieleza jambo hili mwaka 1961 kwa kuchunguza panya. Mabaka hayo hayapangiki. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Texas A&M kilizalisha paka kwa kloni, yaani nakala yenye jeni zilezile, kutoka kwa jike wa rangi tatu, na aliyezaliwa hakuwa na hata doa la chungwa. Sasa mtu anapokuahidi "mabaka kama ya mama yake", mwulize yeye kawashindaje wale.

Kinachonichosha zaidi ni watu kuidhania rangi kuwa ni maji ya ndoo, ukiongeza yanakolea. Jeni haikolei wala haichoki. Ipo au haipo, na ikiwepo huweza kujificha. Paka wawili weusi huzaa kitoto wa kijivu iwapo kila mmoja amebeba nakala moja iliyojificha ya jeni ya kufifisha rangi. Hapo mwenye jike huanza kumtuhumu paka wake kwamba ametoroka usiku! (Kutoroka anaweza, na uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili, lakini kijivu peke yake si ushahidi.)

Kumpandisha baba kwa bintiye kutakupa kweli madume wa chungwa, takriban nusu. Lakini njia hiyohiyo inayokutanisha jeni za rangi hukutanisha na za maradhi zilizojificha pande zote mbili, na hizo huzioni kwenye manyoya. Watenganishe mapema, paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu.

Kwa kuwa mmeshaanza kuuziana rangi, jihadharini na wanaonadi "dume adimu wa rangi tatu" kwa ajili ya mbegu. Ni adimu kweli, kwa sababu kwa kawaida huwa na X mbili na Y, na karibu wote ni tasa. Unalipia dume asiyezalisha.

Na wapenda weupe ndio wananitia hofu zaidi. Paka mweupe mwili mzima, hasa mwenye macho ya bluu, yumo hatarini kuzaliwa na sikio la ndani litakaloharibika ndani ya wiki chache za mwanzo. Muuzaji hupiga makofi nyuma ya kichwa, kitoto akageuka, biashara ikaisha. Huo si uchunguzi: kiziwi huhisi mtikisiko wa hewa, na mwenye sikio moja zima hugeuka vilevile. Dai kipimo cha mashine inayosoma mwitikio wa ubongo kwa sauti, kila sikio peke yake. Kitoto wa wiki sita anaweza kupimwa. Akigundulika kiziwi, hata wa upande mmoja, mpende, mfungie ndani asigongwe na gari, na usimzalishe.