Kabla hujapaka rangi makopo ya chini ya boneti

Injini ikishaoshwa ikang'aa, kinachobaki kutia doa ni makopo ya plastiki: la maji ya rejeta limegeuka rangi ya chai, la oili ya stelingi limeganda vumbi na mafuta, la maji ya waipa limeota utando wa kijani ndani. Ukiyapulizia rangi yakiwa humo humo, itapendeza wiki mbili kisha itaanza kubanduka vipande vipande. Kosa mara nyingi haliko kwenye rangi, liko kwenye plastiki.

Kopo likishatoka kwenye gari, ligeuze usome herufi zilizochongwa kitakoni. PP ni polipropilini, PE au PE-HD ni polithini ngumu, PA66 ni nailoni. Nailoni hupokea rangi vizuri ikisafishwa na kukwaruzwa. Hizo mbili nyingine huikataa rangi kama jani la gimbi linavyokataa maji, na makopo mengi utakayokutana nayo ni ya aina hizo.

Libonyeze pia kwa dole gumba na uukague mshono wake kwenye mwanga. Unjano umo ndani ya plastiki yenyewe, umeletwa na joto na umri, na hakuna sabuni itakayoutoa. Lakini ukiona nyufa nyembamba kama nywele, au plastiki inalia badala ya kunepa, nunua jipya. Kulipaka rangi kopo kama hilo ni kumvisha maiti kanzu ya harusi.

Kulifungua kuna adabu yake. Injini iwe baridi kabisa, mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza. Mfumo wa maji hufanya kazi kwa mgandamizo. Kwa takriban ba 1 (ba ni kipimo cha mgandamizo) juu ya mgandamizo wa hewa, maji huchelewa kuchemka hadi karibu nyuzi 120 za Selsiasi. Ukifungua kifuniko kikiwa moto, mgandamizo unashuka ghafla na maji hayo yanageuka mvuke usoni pako. Piga picha ya kila mpira ulipoingia, nyonya maji kwa bomba la sindano kubwa, kisha legeza vibana. Mpira ulioganda usiuvute moja kwa moja. Uzungushe kwanza hadi uachie, maana kinachokatika ni chuchu, yaani kile kimrija cha plastiki unapochomekwa mpira, na ikikatika kopo limekwisha. Vibana vya springi virudishe vile vile. Hufuata mpira unapotanuka na kusinyaa, jambo ambalo vile vya skrubu haviwezi. Maji ya rejeta yenye glikoli (dawa ya kuzuia maji kuganda) usiyamwage chini: yana utamu, na mbwa au paka akiyalamba yanamuua figo.

Usafi wa ndani ufanyike kabla ya rangi, si baada. Kopo la waipa litie maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na konzi moja ya mchele mkavu, utikise mpaka utando utoke. Kwenye kopo la rejeta usitumie mchele wala mchanga, kwa sababu punje moja iliyojificha itaishia kwenye mirija myembamba ya rejeta. Huko tumia maji moto na sabuni pekee, usuuze mara kadhaa, na mara ya mwisho kwa maji yaliyotolewa madini. La stelingi likaushwe kabisa.

Nje, ondoa grisi kwanza halafu ndiyo upige msasa. Ukianza na msasa unaisukuma grisi ndani ya mikwaruzo na haitoki tena. Tumia msasa namba 400 na maji, mkono mwepesi. Polipropilini ikikwaruzwa kwa nguvu huota manyoya yanayoonekana hata chini ya rangi. Futa kwa spiriti, acha ikauke, na kuanzia hapo usiguse kwa vidole vitupu.

Ziba kwa tepu mdomo wa kopo pamoja na nyuzi zake za kufungia kifuniko, chuchu zote, na sehemu ya kukaa pampu au sensa. Bandika pia ukanda wa wima wenye upana wa sentimita 2 juu ya alama za MIN na MAX. Ukisahau ukanda huo utapata kopo zuri lisilokuambia lolote, na gari litachemsha huku ukilisifia. Vifuniko viache na maandishi yake.

Sasa pulizia ile dawa isiyo na rangi ya kushikisha rangi kwenye plastiki, wanayotumia wapaka rangi wa bampa. Tabaka moja au mawili, mepesi mno. Rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye mkebe. Dawa ikikauka kupita kiasi unarudia. Tabaka 3 jembamba, dakika 10 kati ya moja na jingine, hushinda moja zito. Rangi ya ekzosi usiitumie: nyingi huhitaji kuchomwa kwa joto linaloyeyusha plastiki ndipo zikomae, kwa hiyo hapa zitabaki laini daima. Kukauka kwa kugusa si kukomaa. Ipe rangi siku 2 angalau, wiki ni bora, kisha bandika tepu kwenye kona ya chini na uivute ghafla. Ikitoka na rangi, rudi kwenye msasa.

Kopo la breki liache lilivyo. Oili ya breki ya aina za DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 hula rangi, na tone moja wakati wa kujaza linatosha kuifanya ivimbe na kukunjamana. Kulitoa kunaingiza hewa, kwa hiyo utalazimika kutoa hewa breki zote. Lisafishe hapo hapo, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Petroli na dizeli zisikaribie, kwani hutanua mipira ya ndani.

Kurudisha: stelingi ijaze oili iliyoandikwa kwenye kifuniko, inua matairi ya mbele, zungusha usukani mwisho hadi mwisho mara 15 hivi injini ikiwa imezimwa, huku msaidizi akiongeza oili isiishe. Kwa maji ya rejeta, weka hita kwenye moto wa juu, legeza skrubu ya kutolea hewa kama ipo, jaza taratibu, washa injini isubiri hadi feni ya rejeta ianze kuzunguka kisha isimame. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, tazama ule ukanda wa sentimita 2: maji yatakuwa yameshuka kidogo. Ongeza hadi kati ya alama mbili, usifike ukingoni.