Wadogo zangu mnaotoka na gari la matibabu usiku kuwatibu wanaolala nje, hebu kaeni kitako

Jana usiku nilikaa pembeni pale Darajani, hapa Unguja, nawaangalia tu. Intani mmoja kaandika 1x3 baada ya chakula kwa mtu ambaye tangu asubuhi katia mdomoni urojo wa kupewa, mwengine kamtikisa mzee mguu kumuamsha na tochi kamuelekezea machoni, mzee karuka nusura amtie ngumi. Nikacheka, halafu nikaona haya, maana yote hayo na miye nimeyafanya.

1. Aliyelala hashikwi. Simama mbali, toa salamu kwa sauti, ngoja. Hao wamezoea kuamshwa na anayewafukuza barazani au anayetaka viatu vyao.

2. Asiye na kabati hapewi dozi ya wiki nzima, masika hii mvua moja tu vidonge vyote uji. Akikubali mwenyewe, muachie muuza kahawa wa pale maskani, kila siku wanaonana.

3. RHZE, vile vidonge vya TB vyenye dawa nne, rifampisini ikiwemo, kwa mtu wa methadoni, ile dawa ya kunywa ya wanaoacha heroini. Hapa ndo nilipotaka kufika.

Mwaka wangu wa kwanza, kulikuwa na bwana mmoja akilala karibu na madau kule Malindi, akiniita dokta mtoto. Kikohozi wiki tatu, kakonda, makohozi tukapeleka, TB. Kilo 46, vidonge 3 kwa siku, nikajiona bingwa. Na mwenyewe aliniambia kuwa kila asubuhi anakwenda kunywa methadoni, nikaandika kwenye kadi kwa mwandiko mzuri kabisa, ikabaki hukohuko kwenye kadi. Sasa nyote mnajua rifampisini inalifanya ini liisafishe methadoni mbio mbio, dozi iliyokuwa inamshika kutwa inakatika mchana. Miye hiyo niliijibu kwenye mtihani na nikapata!

Siku ya tisa hivi kaja garini, miayo, makamasi, tumbo linamkata, vinyweleo vimesimama. Anasema dokta nna arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, na methadoni nakunywa mbele ya nesi kila siku. Na miye na akili zangu nikasema moyoni huyu kashaanza, anatafuta kuongezwa dozi. Nikampa vidonge vya tumbo nikamwambia avumilie. Hata mboni sikumtazama kama zimetanuka, na tochi nnayo mkononi.

Wiki ya pili hayupo. Ya tatu tukamkuta nyuma ya makontena, mkono umevimba jipu, karudi kujidunga, dawa za TB kaziacha. Kumbe alishajifanyia uchunguzi mwenyewe: akinywa vile vyekundu arosto inakuja, akiacha inaondoka. Wallahi kanipita miye niliyesoma miaka yote ile. Hakunigombeza, kasema tu "si nilikwambia". Nesi wetu, mama mtu mzima, akaniuliza mbele ya watu: "Mwanangu, kliniki ya methadoni uliwapigia?" Kimya. Simu moja tu, wangempandishia dozi kidogo kidogo, na TB ikimalizika wangeishusha vilevile isije ikamlaza moja kwa moja. Ndo tulivyofanya baadae, akaanza upya, miezi 6 akamaliza, lakini kovu la lile jipu nnaliona kila nikipita Malindi akinipungia mkono.

Kwa hiyo mtu wa methadoni akikwambia nna arosto, muamini kwanza, utamshuku baadae ukiwa na sababu.

4. Kina dada wenye kijiti cha uzazi wa mpango, rifampisini hiyohiyo inakipunguzia nguvu. Ulizeni, msione haya.

5. Waambieni mapema mkojo utakuwa rangi ya chungwa. Mmoja alidhani anakojoa damu, akatupa kila kitu baharini.

6. Ramadhani msidhani hawafungi. Nilishawahi kumnyooshea mtu kidonge na chupa ya maji saa kumi alasiri, akanitazama kama nimemtukania mama. Siku hizi tunatoka baada ya tarawehe, na tukikuta wanakula tunakaa tunakula nao, humo ndo utasikia nani anakohoa na nani hajaonekana tangu juzi.

7. Neno "teja" liacheni, hata ndani ya gari. Vioo viko wazi, wanasikia.

Halafu aliyeazima mashine yangu ya BP juzi akairudisha bila betri, namjua. Nazitaka kabla hatujatoka Ijumaa.